Binti Mfalme, Makohozi Yangu na Koti la Hamisi

Kama umekaa kwenye benchi ukisubiri makohozi yako yasomwe, sogea kidogo nami nikae. Benchi hilo nalijua. Upande wa dirishani lina msumari uliochomoza, umenichania suruali mbili, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, moja niliishona palepale nikiwa nimeivaa. Usiogope kukaa karibu yangu. Nilimaliza vidonge vyangu vyote mvua za kwanza zilipoanza, na karatasi ninayo, ina muhuri. Nakuandikia wewe kwa sababu siku yangu ya kwanza hapo nilitafuta mtu wa kuniambia mambo yatakuwaje, nikakuta tu picha ya mapafu mawili ukutani. Mapafu hayasimulii.

Sitakueleza kifua kikuu ni nini. Hiyo ni kazi ya wenye makoti meupe. Mimi nitakusimulia nilivyongoja, nilivyokonda, nilivyomdanganya mke wangu, na jinsi binti mfalme mmoja wa Ulaya, aliyekufa zamani sana, alivyonifikisha Muyinga.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: binti yangu Hadija alikuwa anaolewa. Kwetu Waislamu, baba ndiye anayemshika mkono bwana harusi mbele ya mashahidi akamwambia, nimekuoza binti yangu. Mkono kwa mkono. Baba asipoweza, anaweka wakili, ndugu yake kwa mfano, aseme badala yake. Inaruhusiwa kabisa, hakuna kosa. Lakini Hadija ni mtoto wangu wa pekee, na mkono huo nilikuwa nimeutunza tangu siku aliyozaliwa. Sikutaka kumwazima mtu.

Nikujulishe kwanza mtu unayekaa naye. Mimi ni mtu wa Gitega, mtaa wa Waswahili, na ni mtu wa nyumbani kupita kiasi. Kati ya kitanda changu na cherehani yangu kuna pazia moja. Safari yangu ya kwenda kazini ni kulifungua. Nashona sare za wanafunzi wa Mushasha, kanzu za Idi, na suruali za watu wanaosema zimewabana kwa sababu kitambaa kimeruka. Muyinga, kwao mke wangu Zubeda, nilikuwa nimekwenda mara mbili kwa miaka ishirini na minne: kumwoa, na kurudisha sufuria za harusi. Na sasa harusi ya Hadija ilipangwa hukohuko Muyinga, kwa sababu bwana harusi, Yusufu, ni wa huko, na bibi mzaa mama hawezi tena safari.

Kikohozi kilianza na sare za Septemba. Nikasema ni vumbi la pamba. Desemba nikasema ni baridi ya mvua. Januari mvua zilipopumzika kidogo, nikawa sina tena wa kumsingizia. Siku moja nilikuwa napiga pasi kanzu ya Yusufu, kanzu ya harusi yenyewe, nyeupe mpaka inaumiza macho. Nikakohoa. Nilipofungua macho niliona doa kifuani pa kanzu, jekundu, la duara, kama kifungo kilichowekwa pasipo na tundu.

Nikakimbia na maji baridi na chumvi. Zubeda akanikuta nasugua.

"Baba Hadija, hii ni nini?"

"Uzi mwekundu umechuja."

"Uzi mwekundu kwenye kanzu nyeupe? We iko fundi ama iko mchawi?"

Kesho yake alinitanguliza barabarani kama mbuzi anayepelekwa sokoni, mpaka kituo cha afya. Nikapewa kichupa, nikaambiwa nikitemee asubuhi. Siku mbili baadaye muuguzi akaniita ndani. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, macho yanayoona mbele na nyuma. "Fundi," akasema, "ni igituntu, kifua kikuu. Iko na dawa, na dawa inaponya. Mais vidonge ni vyako, mi siwezi kukumezea."

Zubeda na Hadija wakapimwa pia. Walikuwa wazima. Hapo ndipo nilipokaa chini kwa mara ya kwanza siku ile.

Mwili wako utabadilika, nami nakwambia mapema usije ukapiga kelele kama nilivyopiga. Siku ya kwanza ya vidonge mkojo ulitoka rangi ya karoti. Nilimwita Zubeda niage. Hadija akajibu nje ya mlango, "Baba, muuguzi alikwambia, ulikuwa husikilizi!" Kisha nikakonda. Fundi hakondi kijinga, anajipima. Kila Jumatatu nilizungusha futi kiunoni na kuandika ukutani kwa chaki ya kazi: themanini na nane, themanini na nne, sabini na tisa. Ilipofika sabini na mbili Zubeda akachukua kitambaa akafuta ukuta wote. "Hapa si hospitali," akasema, akanigeuzia mgongo.

Sisi tunakula sinia moja. Ukizaliwa kwetu unajua upande wako wa sinia kabla hujajua jina lako. Muuguzi alitukataza mambo machache sana: nilale peke yangu mwanzoni, dirisha liwe wazi, nifunike mdomo. Hakutaja sahani. Sahani tuliibuni wenyewe kwa woga. Nikanunuliwa yangu, ina mstari wa buluu, na kikombe cha mstari wa buluu, na kijiko. Kiti changu kikawekwa peke yake barazani. Hakuna aliyenifukuza, jamani. Lakini nilikuwa nakula nikiangalia migongo ya watu ninaowapenda.

Sasa yule binti mfalme.

Miaka kadhaa nyuma sista mmoja wa Mushasha, anayeniagiza sare, alinipa gunia la vitabu chakavu vya Kifaransa nikatie vipimo vya kukatia nguo, maana karatasi ya kitabu ni ngumu nzuri. Nilipotengwa barazani bila kazi ya kutosha, nikakuta kimoja kimebaki karibu kizima. Hakikuwa na jalada. Nilisoma sekondari mpaka mwisho, Kifaransa changu kinachechemea lakini kinafika. Kilikuwa kisa cha binti wa mfalme, Ulaya huko, miaka ya elfu moja mia sita na kitu. Nikaanza kukibeba kwenda kituoni na kukisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu benchi lile lina ukimya unaokohoa.

Aliyekifuata kisa zaidi alikuwa Mzee Salvator, mgonjwa mwenzangu, mkulima wa Ryansoro, mrefu kama mti wa umeme, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Binti alikuwa na majina saba ya watakatifu. Salvator akakataa. "Saba za nini? Huyo ni Muganwakazi tu." Ndivyo wanavyomwita kwa Kirundi mwanamke wa ukoo wa wafalme. Jina likamkaa, hata muuguzi akawa anauliza, "Muganwakazi leo iko wapi?"

Wiki ile alikuwa bado mtoto. Amezaliwa kwenye jumba lenye vyumba mia na choo cha shida. Ana wanyonyeshaji wanne, ana mwalimu wa kucheza dansi, ana mwalimu wa kukaa. Naam, wa kukaa! Saa nzima kwa siku anafundishwa kukaa bila kuegemea.

"Mi nampa benchi hili," Salvator akasema, "wiki moja atakuwa profeseri."

Akiwa na miaka kumi na mmoja akaja mchoraji, akachora sura yake, picha ikapelekwa nchi ya kaskazini kwa mfalme kijana. Mfalme akaipenda picha. Hivyo ndivyo alivyochumbiwa: picha ilisafiri, yeye akabaki anacheza na mbwa wake.

Ramadhani ikaingia nikiwa na wiki ya tatu ya vidonge, na hapa naomba usiniige hata kidogo.

Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Zubeda aliniambia, imamu aliniambia, hata Salvator Mkatoliki aliniambia. Lakini wajomba wawili wa Yusufu walikuwa wanakuja Gitega kwa biashara, wakawa wanafuturu kwetu, na hatukuwa tumewaambia kitu watu wa Muyinga. Wakiwepo nilijificha nyuma ya pazia nikikanyaga cherehani, na Zubeda anasema fundi amezidiwa na kanzu za Idi. Sasa kwa mtaa wetu, mwanamume anayekunywa uji na vidonge mchana wa Ramadhani ni tangazo. Habari ingefika Muyinga kabla ya uji kupoa. Kwa hiyo nikafunga. Mimi, ambaye miaka mingine nahesabu saa za futari kuanzia saa nne asubuhi! Nilimwambia Zubeda vidonge nakunywa kwenye daku. Yeye ndiye aliyeandikwa msimamizi wangu. Alikuwa na kadi, kila siku ananiuliza, "Umekunywa?" nasema ndiyo, anaweka alama. Siku nyingine nilikunywa. Siku nyingine nilipitiwa na usingizi, nyingine tumbo tupu lilivirudisha. Siku kumi na moja zile alama hazikuwa za kweli.

Baada ya Idi, mvua kubwa zikiponda mabati, nikapeleka kichupa cha kipimo cha miezi miwili. Nilikwenda na tabasamu. Nilikuwa nimeshakata kitambaa cha koti langu la harusi.

"Fundi, bado," muuguzi akasema.

"Bado nini?"

"Vidudu bado iko. Vidonge unakunywa?"

"Nakunywa."

"Vyote?"

Nikaangalia picha ya mapafu. Salvator alikuwa mlangoni, masikio yametangulia. "Fundi, sema," akanong'ona kwa sauti ambayo Ryansoro yote ingesikia. "Huyu mama anajua tayari."

Nikasema. Sikuacha kitu. Muuguzi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akavuta kiti karibu. "Dini yako haikukukataza dawa," akasema. "Waliokukataza ni majirani. Na majirani hawatakuja kukohoa badala yako." Akaongeza mwezi mzima wa vidonge vile vingi vya mwanzo, kisha kipimo tena. Nikapiga hesabu ya siku. Matokeo yangetoka wiki ya harusi yenyewe.

Zubeda aliichukua ile kadi akaiangalia mstari kwa mstari. "Hii nimeandika mi mwenyewe," akasema. "Kila siku. Mkono wangu." Halafu akaniangalia. "Umewadanganya watu wangu kwa tumbo tupu, na mimi umenifanya karani wako." Siku tatu hatukusemeshana. Siku ya nne alikuja asubuhi na uji na vidonge, akafungua pazia mbele ya wateja. "Fungua mdomo." Nikafungua. "Meza. Inua ulimi." Mama mmoja aliyekuja kupunguza sketi akachungulia naye. "Hakuna kitu," akathibitisha. Na ikawa hivyo kila asubuhi mpaka mwisho. Wateja wangu wote wanaujua ulimi wangu.

Zubeda huyohuyo akapiga simu Muyinga akasema ukweli wote. Baba yake Yusufu akaniombea afya, akasema harusi ipo palepale, siku haisogei kwa sababu ya bibi. "Mais kama fundi haijapona, basi aweke wakili. Si aibu."

Wakili ni nani? Mdogo wangu Hamisi, muuza nyama, mnene, mcheshi, anayemwingia kila mtu moyoni kwa mlango wa nyuma. Alifurahi mno, nikamchukia kwa nusu saa.

"Kaka, usijali kabisa! Mi huyo kijana nitamshika mkono mpaka aombe msamaha!"

"Unamwozesha, humkamati."

"Si kitu kimoja? Ila koti sina. Utanishonea?"

Basi nikamshonea. Nikalichukua lile koti langu lililokatwa, nikaliweka kando, nikaomba kitambaa kingine cha kijivu kwa Bwana Rajabali, Mhindi mwenye duka la vitambaa mkabala nami. Yeye kila Ijumaa alivuka barabara, akaketi barazani kwangu, karibu, akanywa chai yake bila kusogeza kiti. Hujui kitu kama hicho kina uzito gani mpaka ukikose kwa wengine. Nikampima Hamisi kifua, futi ikakaribia kuisha. Kila mshono wa koti lile ulikuwa unaniuliza, unamshonea nani nafasi yako?

Na huko kitabuni, wiki hiyohiyo, Muganwakazi anaolewa kwa wakili! Ningeweza kukitupa. Mfalme bwana harusi hakuja. Alimtuma binamu yake, mtu mzima mwenye sharubu, asimame kanisani, avishwe pete badala yake, na baada ya karamu, mbele ya mashahidi, avue kiatu kimoja aingize mguu kitandani mpaka goti, autoe. Ndoa imetimia.

Salvator akauliza, "Na ule mguu wa pili, ulibaki na nani?" Tulicheka mpaka tukakohoa, na mule ndani kukohoa ni jambo la maana, wauguzi wawili walikuja mbio.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo sikucheka. Desturi ya jumba ilisema mfalme havuki ngazi ya mwisho kumsindikiza binti. Kwa hiyo baba yake alisimama kwenye ngazi, magari ya farasi arobaini yakapita, na la binti lilikuwa la tisa. Akainua mkono. Aliahidi atakuja kumwona.

Hii ya safari nilimsomea Hadija, yeye ndani, mimi barazani, pazia katikati. Kwamba kwenye mpaka wa nchi mbili kulijengwa kibanda cha mbao juu ya daraja, binti akaingia mlango huu na nguo za kwao, akavuliwa zote mpaka pini za nywele, akatokea mlango wa pili amevaa za kwa mumewe. Hata mbwa alirudishwa.

"Baba," Hadija akasema nyuma ya pazia, "na mimi nitavuliwa nikifika Karuzi, pale katikati ya njia?"

"Karuzi hakuna kibanda."

Akaongeza, "Mi nataka uniozeshe wewe. Baba mdogo Hamisi atasema kama anauza kilo ya nyama." Alicheka, lakini cheko lilikatika. Nikafika mpaka kwenye pazia nikaweka kiganja. Akaweka chake upande wa pili. Kitambaa kilikuwa katikati, chepesi. Nilikishona mimi.

Mwezi wa nyongeza Muganwakazi akapata ndui. Niliisoma sura ile polepole maana niliijua tayari. Mume akahamia jumba lingine. Wanawake wa heshima wakawa wanazungumza naye kupitia tundu la ufunguo. Waganga wakafunika madirisha na vitambaa vyekundu, wakaamini wekundu unavuta ugonjwa, na mimi kama fundi nikajiuliza ni mita ngapi. Mjakazi mmoja tu aliingia, aliyekuwa ameugua ndui utotoni, akamlisha kwa mkono. Akapona, uso una mashimo. Wachoraji wa jumba wakaendelea kumchora laini kama yai. Mmoja akamwuliza afanye nini na mashavu. Akajibu, "Yachore. Picha hii inakwenda kwa baba yangu, na baba yangu anataka kuniona mimi."

Salvator akavua kofia. "Eee. Na baba alikuja?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Uliandikwa: *Katika majira ya kuchipua ya mwaka ule, baba yake*. Basi. Hakuna tena.

"Baba yake nini?"

"Kurasa zimekatika, mutama, mzee wangu."

"Nani amezikata?"

Ndugu msomaji, nilizikata mimi. Miaka ile nilitengeneza vipimo vya kola za sare kwa kurasa za mwisho. Nikarudi nyumbani nikapekua kola zote kwenye kopo. Nikapata vipande vya "mto", "theluji", na "il est" iliyokatwa, ambayo kwa Kifaransa ingeweza kuendelea kuwa "alikuja" au "alikufa". Salvator hakunisamehe. Kila Jumatatu: "Fundi, baba yake?"

Masika yakaisha, matope yakawa vumbi. Jumatano nikapeleka kichupa. Alhamisi familia ikaondoka kwenda Muyinga: Zubeda, Hadija, Hamisi na koti lake mkononi kama mtoto mchanga. Nikah ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Nikabaki na nyumba yote peke yangu, ndoto ya kila mtu wa nyumbani, na nilichukia kila kiti kilichomo.

Ijumaa saa mbili asubuhi niko benchini, futi shingoni, sandali miguuni. Salvator yupo! Siku yake ni Jumatatu.

"Mzee, leo umekuja kufanya nini?"

"Kukaa," akasema.

Umeme ulikuwa umekatika, darubini haina taa. Saa tatu. Saa nne. Salvator akanimegea ndizi mbivu. Mwanamke mgeni, amejifunika mtandio mpaka macho, alisimama karibu na mlango, hakuthubutu kuketi. Saa tano kasorobo taa ikawaka na mimi nikasimama peke yangu kama mwanafunzi aliyeitwa. Muuguzi akatoka na karatasi.

"Négatif."

Sikusikia. Aliyesikia ni Salvator, akaruka na koti lake la mvua kama korongo. "Fundi! Mkono ni wako! Mkono ni wako!"

"Vidonge bado miezi minne," muuguzi akasema, na nilikuwa nimeshafika mlangoni. "Fundi! Ukikosa hata siku moja..."

"Ulimi wangu utakuambia!" nikajibu.

Mwaka ule mafuta ya gari yalitafutwa kwa tochi. Nikavuka mtaa nikiwa nusu natembea nusu naanguka, mapafu yangu hayajui kukimbia bado, mpaka dukani kwa Bwana Rajabali. Hakuuliza. Alinitazama usoni akapiga mluzi nje. "Pikapu ya Muyinga isiondoke! Shusha robota la mbele, fundi akae!" Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Nenda, kaka. Leo wewe ndio mzigo."

Ndugu yangu, nilivyoitazama barabara ile! Miaka ishirini na minne nilijifungia na pazia, kumbe huku nje kuna vilima vimepangwa hivi, kuna kahawa nyekundu imeanikwa juu ya meza ndefu, kuna watoto wanapungia kila gari bila kuchagua. Nilimpungia kila mmoja. Dereva akaniuliza, "Mzee, we umetoka jela?" Nikamwambia karibu.

Tulipopita Karuzi nikamkumbuka yule mfalme kwenye ngazi. Nikamwambia dereva akanyage mafuta.

Msikitini nilivua sandali nikiwa mwendoni. Wanaume wamekaa wamejaa. Mbele, Hamisi na Yusufu wameketi goti kwa goti, imamu katikati, na mkono wa Hamisi umeshanyooshwa, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola niliyoishona. Sikuwa na pumzi ya kuita. Nilichokuwa nacho ni kikohozi. Nikakohoa.

Msikiti mzima ukageuka.

"Alhamdulillah!" Hamisi akavuta mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akasimama, akavua koti. "Kaka, njoo, njoo upesi. Maneno yamenitoka yote tangu Karuzi, nilikuwa nataka kumwoa mwenyewe!" Na mbele ya watu wote akanivika lile koti juu ya shati langu la kazi, akaitoa futi shingoni mwangu akaitia mfukoni. Mle ndani ya koti ningeweza kumwingiza Mzee Salvator pia. Mikono ilinipita vidole kwa shubiri nzima.

Nikakaa. Baba yake Yusufu akainama kutazama. "Bwana fundi, mkono uko wapi?"

Watu wakacheka. Nikakunja mkono wa koti mara moja, mara mbili, kiganja kikatokea, chembamba, mishipa nje. Nikakinyoosha, na katikati ya njia kikasimama chenyewe. Zaidi ya miezi mitatu, nje ya nyumba yangu, ukimtoa Bwana Rajabali, hakuna aliyenipa mkono. Nikamwambia Yusufu kwa sauti ya chini, "Siambukizi tena. Karatasi iko mfukoni."

Kijana akanitazama. "Baba, mi sikuomba karatasi," akasema. "Niliomba mkono."

Akaushika. Nikasema maneno yale, yote, kwa pumzi moja, na pumzi ikatosha.

Baadaye nyumbani kwa bibi, sinia ya pilau ilipofika, nikaangaza macho nikitafuta mstari wa buluu. Zubeda alikuwa amesimama mlangoni anaongoza vyakula. Akajua ninachotafuta. "Nimeiacha Gitega," akasema. "Kula hapo, upande wako." Kijana aliyekuja kupiga picha za harusi naye akaniambia anaweza kunijaza mashavu kwa simu, bila gharama. Nikamwambia ayaache. Hadija aliyekuwa amesimama karibu yangu, hina mpaka viwiko, akanishika ule mkono wa koti uliolegea akauzungusha kwenye wake.

Jumatatu nilikuwa benchini na picha ile. Salvator akaishika mbali na macho, kisha karibu, akatazama koti, akatazama mashavu. Mwanamke wa mtandio alikuwa amerudi, bado amesimama.

"Sawa," Salvator akasema. "Harusi nimeiona. Sasa usinikwepe. Baba yake Muganwakazi alikuja, ama hakuja?"

Benchi lote likatulia. Hata msumari, nadhani.

"Alikuja, mutama," nikasema. "Alichelewa kidogo. Na alikuwa amevaa koti la mdogo wake."

Salvator akaitikia kwa kichwa, polepole, mtu aliyejua tangu mwanzo. Kisha akamgeukia yule mwanamke, akasogea upande wa msumari, akapiga kiganja pale palipobaki wazi.

"Mama, kaa," akasema. "Huyu fundi ataanza upya."